Kodi ya Chumba cha Dani

Mama Elsie ana mkono wa birika. Nalisema hili mapema kwa sababu ukija kwenye ploti yetu hapa Kitengela ukaulizia habari zake, ndilo utakaloambiwa kwanza, hata na watu waliokula kwake jana. Jina lake ni Lorine Apondi, karani katika shule moja ya upili upande wa Isinya. Mimi ni Waceke, fundi wa nguo. Nimekodi bedsita karibu na geti. Mbele nashona, nyuma ya pazia nalala. Kutoka kwenye cherehani yangu namwona kila anayeingia na kila alichobeba, na sijifanyi kwamba siangalii.

Ploti yetu ina jengo la ghorofa tatu. Mbele yake, kando ya ukuta, kuna mstari wa vyumba vya chini vyenye mabati yake vyenyewe, na hizo ndizo bedsita. Lorine na mume wake Wamalwa walikuwa wakikaa ghorofa ya kwanza, nyumba ya chumba kimoja cha kulala, na binti yao Elsie akilala kwenye kochi sebuleni. Wamalwa ni msimamizi wa zamu katika kiwanda upande wa Athi River. Mishahara miwili, mtoto mmoja. Kwa macho yangu walikuwa watu wa kununua kuku wa kukaangwa kila Jumamosi, na ndiyo maana vituko vya Lorine vilikuwa vikinichoma roho.

Tuanze na maji. Maji ya Kitengela yanatoka kwenye visima virefu na yana chumvi. Sabuni ikikutana nayo inaisha kabla povu halijaonekana, na maharagwe unaweza kuyachemsha tangu asubuhi yakabaki yanakutazama. Sisi wengine tulizoea. Lorine alimbembeleza Mulwa, anayesimamia ploti kwa niaba ya landilodi, hadi akakubaliwa kuweka pipa chini ya mfereji wa mabati, na maji ya mvua yakawa ya kufulia na ya kuchemshia maharagwe tu. Nilimcheka sana. Kisha siku moja akanipa ndoo moja, nikafua shuka za mteja kwa kipande cha sabuni ambacho zamani kisingetosha soksi. Nikaacha kucheka.

Nyanya nazo hakununua kwa fungu. Lori la kutoka Kimana likiingia sokoni asubuhi, alikuwa ametukusanya wanawake wa ploti, tumechanga, tumenunua kreti nzima na neti ya vitunguu, na tunakuja kugawana juu ya meza yangu ya kukatia vitambaa. Hakuniruhusu kuchagua zile kubwa, ingawa meza ni yangu. "Nyanya za mama mboga hazina ubaya," alituambia, "lakini pale unalipia nyanya, unalipia na safari yake." Unga hakununua wa pakiti, alinunua gunia la mahindi wakati wa mavuno na kwenda kusagisha kidogo kidogo. Maziwa aliyachukua kwa Mama Naserian, anayekuja na vibuyu na mitungi kutoka upande wa Kisaju. Wawili hao walikuwa wakisalimiana kwa Kimaasai, "Supa!" "Supa oleng!", halafu wanaanza kubishania kipimo kama watu waliotaka kupigana, halafu wanacheka.

Nilikwenda naye supamaketi mara moja, na sikurudia. Kwanza alinilazimisha kula kabla ya kutoka. Pili, alikataa toroli.

"Mama Elsie, chukua toroli basi, tunaonekana kama wezi."

"Toroli imefanywa kubwa makusudi, Waceke. Ukiona iko nusu unajisikia maskini, unaongeza. Beba kikapu. Kikianza kukuuma mkono, ujue umemaliza."

Nilibeba kikapu huku nimenuna. Palipoandikwa ofa alisimama, akageuza pakiti akasoma uzito wake, akairudisha. Nilirudi nyumbani na biskuti zangu nilizozichukua kwa siri.

Benki nayo aliishukia. Alipanga foleni akamwomba msichana wa kaunta amsomee makato yote ya mwaka mzima, moja baada ya lingine, watu wakiguna nyuma yake. Alipotoka alikuwa amerudisha kadi asiyoitumia, amesimamisha ujumbe wa simu ambao kumbe ulikuwa ukilipiwa, na mshahara wake ukawa unapita hapo tu kuelekea Sacco, chama chao cha akiba. Pesa za matumizi alizitoa mara moja kwa mwezi, maana kila ukitoa unakatwa. Mimi niliyekuwa nikitoa mia mbili leo na mia mbili kesho, aliniambia ninamlipia ajenti wa simu karo ya watoto wake. Sikumsemesha siku hiyo hadi jioni.

Kwa muda mrefu sikujua anaweka ya nini. Nilidhani ni tabia, kama vile wengine wanavyopenda kuimba. Kisha asubuhi moja ya Jumamosi alikuja nimpunguzie sketi kiunoni. Nikamwuliza kama ni mgonjwa. Akasema hapana, amekonda tu, kisha akakaa kwenye benchi la wateja akaniambia.

Mama yake anaitwa Phylis, lakini kwa kuwa Elsie humwita Dani, yaani bibi kwa Kijaluo, ploti yote ilikuwa ikimwita hivyo hata kabla ya kumwona. Ni mjane, anaishi peke yake kwake Siaya. Wana wake wako mbali na kila mmoja ana mambo yake. Macho yake yalikuwa yakififia, na daktari alisema hayo yaliyopotea hayarudi. Wakati fulani alikuwa akisonga ugali, hakuona ukingo wa sufuria, maji yakammwagikia mkono. Jirani alimkuta amekaa chini ameufunga mkono kwa leso, anasubiri upoe.

"Ananiambia haikuwa kitu," Lorine alisema. "Waceke, ngozi ilitoka. Safari ijayo nitapigiwa simu ya nini?"

Alimwambia Wamalwa kwamba anataka mama yake aje kuishi nao. Wamalwa alinyamaza, kesho yake akanyamaza tena, halafu akasema: sawa, lakini atalala wapi, kwenye kochi na Elsie? Ukipata nyumba ya vyumba viwili bila kukopa na bila kugusa karo ya mtoto, mimi siko na shida. Tofauti ya kodi kati ya nyumba yao na zile za vyumba viwili za ghorofa ya juu ilikuwa elfu saba kwa mwezi.

Hapo ndipo nilipoelewa anachofanya. Hakusubiri pesa zibaki. Kila mshahara ukiingia, alipeleka hizo elfu saba Sacco siku hiyo hiyo, kana kwamba ameshahamia juu na landilodi anamdai. Kilichobaki ndicho alichotafutia maarifa. Alikuwa analipa kodi ya nyumba ambayo hajaingia. "Nikishindwa kuilipa nikiwa huku chini," aliniambia, "nitashindwa nikiwa huko juu na mama ameshakuja. Afadhali nijue mapema."

Sasa, kusema ni rahisi. Mwaka na ushee nilimwona akiishi hivyo. Soseji za Elsie zilikoma. Nywele alisuka mistari ileile ya bei nafuu mpaka kichwa kikaanza kufanana na shamba. Nyama ilikuwa Jumapili, na mara nyingine Jumapili ilipita bila habari. Wamalwa, aliyezoea kula nyama choma na wenzake mwisho wa mwezi, alirudi nyumbani mapema, akakaa mbele ya sahani ya sukuma wiki na maharagwe kama mtu aliyeshtakiwa. Lakini alitoa sehemu yake bila kubishana, lazima niseme. Lorine alinikera na nilimheshimu, yote mawili kwa siku moja.

Mwaka huu, mwezi wa pili, nyumba moja ya juu ikabaki wazi, na Lorine alikuwa na pesa ya amana na zaidi. Walihama siku moja. Mulwa na vijana wawili walipandisha kochi, kitanda, kabati, na ploti nzima ikatoka kutazama. Sijawahi kumwona Lorine akitembea vile, shingo imesimama. Chumba cha Dani alikipanga mwenyewe: kitanda cha chini asije akajikwaa, chandarua, kiti cha kushikilia akiinuka. Alinishonesha pazia la rangi ya manjano kali, kwa sababu manjano ndiyo rangi ambayo macho ya mama yake bado yalikuwa yanaiona. Hata hapo aliniomba nimpunguzie bei, na nikakubali.

Dani alifika Jumamosi. Alikuja na basi la kutoka Siaya, Lorine akaenda kumpokea Nairobi, na mchana wakaingia getini wameshikana mikono. Ni mama mdogo wa umbo, amenyooka, anagusa ardhi kwa mguu kabla ya kuikanyaga. Alinisalimu kwa kunishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akaniuliza kwetu ni wapi na kama wazazi wangu wako hai. Nilimpenda papo hapo. Akapanda ngazi polepole, Elsie akimtangulia na mfuko wa omena na njugu.

Jua likiwa linaelekea kuzama, Wamalwa akaingia getini kutoka kazini na mkate mkononi. Nilitazamia apande moja kwa moja. Badala yake akaja akakaa kwenye benchi langu la wateja.

"Baba Elsie, mgeni amefika. Si upande juu?"

"Najua amefika."

"Sasa?"

"Wacha nikae kidogo, fundi."

Akakaa. Nikamaliza pindo la rinda moja, nikaanza la pili, naye bado yupo, mkate juu ya mapaja. Mimi sina uvumilivu wa kutazama mtu amekaa hivyo.

"Mmekosana na Mama Elsie?"

"Hapana. Ni vile mama ako kwa nyumba."

"Kwani mama anauma watu?"

Hakucheka. "Labda kwenu nyinyi si kitu. Kwetu Bungoma, mtu hawezi kulala nyumba moja na mama mkwe wake. Kwao Siaya pia ni vile vile. Hata kukaa mnaangaliana ni shida. Ni heshima, fundi. Na mama mwenyewe anajua kuliko mimi."

Mguu wangu ulisimama juu ya cherehani. "Na Lorine? Hajui?"

"Anasikia watu wakisema. Lakini yeye alizaliwa Nakuru akalelewa estate, anasema hayo yaliisha zamani, sisi ni watu wa kanisa."

Hapo hasira ilinipanda, na sitaki kuificha. Niliweka makasi mezani kwa nguvu. "Mwaka mzima! Mwaka mzima umemwona huyo mwanamke akijinyima, akipungua hadi sketi inamwanguka, anatafuta nyumba ya kulaza mama yake, na wewe ulikuwa unajua?"

"Ningemwambia nini?" Alisema kwa sauti ya chini. "Ningesema mama asilale kwangu, angesikia nimemkataa mama yake. Kila mwezi nilisema nitamwambia." Akageuza mkate. "Na kusema ukweli, nilidhani pesa haitafika."

Nilimwacha hapo na mkate wake nikapanda juu.

Kwenye kibaraza cha ghorofa ya tatu, nje ya mlango, Dani alikuwa amekaa kwenye kigoda, leso mabegani, mfuko wake wa nguo miguuni. Elsie alikuwa kwenye ngazi amemwegemea goti. Nyuma yao mlango ulikuwa wazi, taa zinawaka, meza imeandaliwa, pazia langu la manjano linaonekana kwenye chumba cha ndani. Lorine alikuwa jikoni anaosha vyombo ambavyo vilikuwa safi. Nyumba nzima hiyo, na mwenye nyumba yuko kwenye benchi chini, na mgeni yuko nje mlangoni.

"Muulize," Lorine akaniambia bila kugeuka. "Muulize kwa nini hataki kulala kwangu."

Dani alinijibu kabla sijauliza. "Chumba ni kizuri. Kitanda ni kizuri, hata pazia naliona. Lakini nyumba ni ya mkwe wangu. Mimi nikilala hapa, yeye atalala wapi?"

"Chumbani kwake, mama! Kuna ukuta!"

"Ukuta," Dani alisema polepole, bila kukasirika. "Nyathina, mtoto wangu, nipeleke tu Nkoroi kwa mama yako mdogo. Kesho tutaongea."

Lorine alifunga bomba. "Mama mdogo alistaafu akarudi nyumbani, mama. Umesahau? Hakuna mtu Nkoroi."

Lorine akatoka mlangoni, mikono inadondosha maji, na nikaona uso wake ukibadilika, kama mtu anayekumbuka jambo moja na lingine linafuata nyuma yake. "Kwa hivyo miaka hiyo yote," alisema, "ukija Nairobi ukikataa kulala kwangu, ukisema kwangu ni padogo..."

"Ulidhani nilikuwa nafuata nini Nkoroi? Mama yako mdogo hajui hata kupika."

Elsie alicheka. Lorine naye alitaka kucheka, midomo ikaanza, halafu akalia. Alilia kwa sauti, mbele ya majirani wa pande zote mbili, mwanamke ambaye sijawahi kumwona hata akipandisha sauti kwa Mama Naserian kwa ukweli. Alisema mwaka mzima amemnyima mtoto wake, amemnyima mume wake, amejinyima mwenyewe, na mtu mmoja angefungua mdomo tu. Alisema hajui amekosea wapi. Dani alisubiri amalize, akanyoosha mkono hadi akaipata sketi ya binti yake, akaishika.

"Usilie. Kesho nitarudi kwangu."

"Urudi uungue tena?"

Dani akauvuta mkono wake ulioungua chini ya leso.

Nami sina subira na huzuni iliyokaa mahali pamoja. Nikasema Dani atalala kwangu usiku huo, mimi si mkwe wa mtu. Nikachukua mfuko, Elsie akamshika mkono, tukashuka. Wamalwa alituona tukitokea kwenye ngazi, akainuka haraka akaenda kusimama nyuma ya tangi la maji ili Dani apite. Dani alipopita, Wamalwa akasema kutoka huko, kichwa ameinamisha, "Mama, karibu sana." Dani naye akasimama, akatazama upande mwingine, akasema, "Asante, baba. Mtoto wako ni mzuri." Ndipo Wamalwa akapanda kwake na mkate. Nilikuwa nimeandaa mengine ya kumwambia, lakini kwa namna wale wawili walivyoongea, nikashindwa.

Asubuhi Lorine alikuja macho mekundu, akamkuta mama yake amekaa kitandani kwangu anakunywa chai.

"Nimelala," Dani akasema. "Fundi anakoroma, lakini nimelala."

Kisha akagonga ukuta kwa vidole. "Jirani wa huku ni nani? Tangu jana sisikii mtu."

Nikamwambia hakuna mtu. Aliyekuwa humo, kijana mmoja wa bodaboda, alihama mwisho wa mwezi. Nilisema hivyo tu bila kufikiri. Lorine aliyekuwa anajifuta pua akatulia. Namjua akitulia hivyo, macho yanapanda juu kidogo. Akageuka akatoka, nami nikamfuata, maana kazi yangu ni kuangalia.

Mulwa alikuwa anafagia karibu na geti.

"Bedsita ya hapa kando ya Waceke ni pesa ngapi?"

Mulwa akamtajia. Ilikuwa elfu saba kasoro kidogo.

"Na ile nyumba yetu ya zamani, imepata mtu?"

"Bado. Si nimeipaka rangi juzi? Haijakauka hata." Kisha Mulwa akaelewa, akaegemea ufagio. "Mama Elsie, hapana. Sofa hiyo nimeipandisha mgongoni wiki haijaisha."

"Sasa nishushie."

Walishuka Jumapili hiyo hiyo baada ya kanisa. Kochi likateremka, kabati likateremka, na ploti nzima ikatoka tena kutazama. Nilisikia mwenyewe watu wakisema nyumba ya juu imewashinda, mama na ubahili wake wote, hata mwezi mmoja hawakumaliza. Lorine naye alisikia. Alikuwa amebeba sufuria kichwani, akapita katikati yao akawasalimu mmoja mmoja kwa jina. Kitanda cha Dani alikibeba Wamalwa mwenyewe, vipande vyote, akavileta hadi mlango wa bedsita na kuviweka chini. Hakuvuka kizingiti. Mimi na Mulwa tulikiingiza tukakifunga, na pazia la manjano nikalipunguza urefu pale pale kwa sababu dirisha la chini ni dogo. Sikudai pesa, na hakunipa.

Mulwa alimpa Lorine ufunguo. Lorine akasema, "Mpatie mwenye nyumba."

Dani aliupapasa ufunguo kwa vidole. Akauliza wa nani. Lorine akamwambia ni wake. "Wako na bwana yako?" "Ni wako peke yako, mama." Dani akaingia ndani, akatufungia mlango sisi sote nje. Tulisikia kufuli likizungushwa, likifunguliwa, likifungwa tena. Lorine akaniangalia. Akabisha.

"Hodi, mama."

"Ni nani?"

"Ni mimi, Lorine."

"Ngoja kwanza nivae leso vizuri."

Tukangoja. Alipofungua alikuwa anatabasamu, na akatuambia karibuni kwangu.

Jioni ile walipika mle ndani, Lorine akisonga ugali kwenye jiko dogo na Dani akimwelekeza kutoka kitandani, kwa harufu tu, lini azidishe moto na lini apunguze. Omena ilikuwa ile aliyokuja nayo. Dani akaagiza kiti kitolewe nje, uani, hatua chache kutoka mlangoni, na Wamalwa akaitwa akaja kukaa hapo kama mkwe aliyekuja kutembea. Elsie alimpelekea sahani. Alikula hapo nje na Dani alikula humu ndani, mlango umeachwa nusu wazi, na waliulizana habari za mvua na za kazi kupitia hapo. Elsie alishatangaza kwamba yeye atalala kwa Dani kuanzia leo, na hakuna aliyebishana naye. Mimi nilikuwa nimealikwa, nimekaa juu ya ndoo.

Dani alimaliza sahani yake, akainyoosha mbele.

"Niongezee."

Lorine alikuwa na mwiko mkononi, akasita. "Mama, jana mchana kule juu nilikuwekea ugali na samaki, ukala matonge mawili, ukasema umeshiba."

"Jana nilikuwa kwa mkwe. Ningeombaje kuongezewa?"

"Na kama ungekaa kule? Ungekula hivyo kila siku?"

"Kila siku," Dani akasema, kwa wepesi, kama jambo ambalo kila mtu analijua. "Weka basi, inapoa."

Lorine akainama juu ya sufuria ili mama yake asimwone uso, ingawa asingeuona. Akaukata ugali uliobaki wote, akauweka kwenye sahani ya mama yake.